Mvua, Majani na Mimba: Uzazi wa Nyati na Ng'ombe katika Karagwe na Kyerwa

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo kila mfugaji hulionja kwa faida ama kwa hasara, walakini ni wachache walitafakario kwa utulivu: taathira ya majira ya mwaka juu ya uzazi wa wanyama, na hasa nyati wa mapori yetu na ng'ombe wa mazizi yetu. Nimekusudia kueleza kwa nini jike hushika mimba katika mwezi mmoja na kuikataa katika mwezi mwingine; na baada ya maelezo hayo nitaomba insafu kwa ajili ya mnyama ambaye kila kiangazi huhukumiwa bila ya kusikilizwa.

Yatupasa kwanza kuufahamu mwendo wa maumbile yenyewe. Kandokando ya mji wa mimba wa kila jike zimo ovari mbili, nazo zimebeba mayai ambayo mnyama huyo alizaliwa nayo. Chini ya ubongo ipo tezi ndogo ambayo, ikipata amri kutoka katika ubongo, humimina katika damu vichocheo ambavyo wataalamu huviita homoni. Na homoni hizo zikija kwa kipimo na mfululizo unaostahili, kifuko kimoja chenye yai hukua katika ovari kupita vifuko vingine, hutoa homoni yake chenyewe inayomtia jike joto, kisha hupasuka na kuliachia yai. Pale kilipopasuka huota tezi ya muda, yenye rangi ya manjano kwa ng'ombe, ambayo kazi yake ni kuilinda mimba. Na mimba isipotungwa, tezi hiyo hunywea na duru ikaanza upya. Kwa ng'ombe duru hiyo ni ya siku 21 hivi, na ya nyati haipishani nayo sana.

Duru hiyo, hata hivyo, haiendi bila ya idhini. Kabla ya kutoa amri, ubongo hupima hali ya dunia iliyo nje ya mnyama, na hali ya akiba iliyomo ndani ya mwili wake. Mimba ni mzigo wa miezi mingi, na kunyonyesha ni mzigo mzito kuliko mimba. Kwa hiyo mwili unaojihisi kuwa hauna uwezo wa kuichukua mizigo hiyo hufanya kama mwenye nyumba mwenye busara ambaye, ghala ikipungua, huanza kwa kuahirisha karamu kabla ya kukata chakula cha kila siku. Uzazi ndio karamu inayoahirishwa kwanza. Moyo hupata haki yake, ubongo hupata haki yake, ndama anyonyaye hupata haki yake. Ovari huambiwa zingoje. Hazikufa wala hazikuugua: zimengojeshwa. Sasa swali la ilimu ni hili, kwamba ni alama ipi ambayo mwili huitazama ili ujue kuwa wakati wa kungoja umekwisha.

Kwa nyati maji, yule afugwaye India, Pakistani, Misri na Italia kwa ajili ya maziwa yake, ambaye ni jamaa wa mbali wa nyati wetu, alama kubwa ni urefu wa siku. Katika Kairo siku ndefu ya Juni huipita siku fupi ya Desemba kwa muda wa karibu saa nne, na katika Delhi kwa zaidi ya saa tatu na nusu. Usiku unaporefuka baada ya Septemba, tezi iliyo ndani kabisa ya kichwa huitoa kwa muda mrefu zaidi homoni ya giza iitwayo melatonini, na kwa njia hiyo mwili wa nyati maji hutambua kwamba majira ya kupandwa yamewadia. Ovari huamka, na mimba nyingi hutungwa katika miezi ya baridi. Siku zinaporefuka na hari ya jua kuzidi, hari ambayo mnyama huyu mwenye ngozi nyeusi na tezi chache za jasho huivumilia kwa taabu, ovari za wengi hulala, na hata yule aingiaye joto huingia kimyakimya, aghalabu usiku, pasipo dalili ya kumzindua mchungaji. Wafugaji wa jimbo la Campania, kule Italia, ambao jibini yao ya mozzarella hutakiwa zaidi wakati wa hari, wamelazimika kushindana na maumbile kwa kuwatenga madume katika miezi ambayo majike huwataka zaidi, ili ndama wazaliwe na maziwa yapatikane katika msimu wa biashara. Nao wamekubali kuilipa gharama yake, maana majike wengine hupitwa na mwaka mzima bila ya mimba.

Je, kanuni hiyo ya nuru yaweza kututawala na sisi? Jibu ni hapana, na sababu yake imo katika ramani. Karagwe na Kyerwa zimelala karibu mno na Ikweta, baina ya nyuzi 1 na nyuzi 2 na ushei upande wa kusini. Na katika nchi iliyo hapo, tofauti baina ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote haifiki hata robo saa. Alfajiri ya Juni na alfajiri ya Desemba hutukuta takriban katika saa ile ile. Mnyama aliyezaliwa Bweranyange au Kaisho hawezi kuisoma kalenda yake katika jua, kwa kuwa jua halimwambii neno. Hata nyati maji mwenyewe, alipochukuliwa na wanadamu akapelekwa kisiwa cha Marajó, kwenye mlango wa mto Amazon nchini Brazili, mahali palipo karibu na Ikweta kama hapa petu, aliiacha desturi yake ya kufuata urefu wa usiku; huko huweza kuzaa katika miezi yote, na kinachomzuia ama kumruhusu ni malisho, yanayopatikana ama kutoweka kwa kadiri maji yajaapo na kupwa. Basi ikiwa mnyama ambaye nasaba yake yote imezoea kuitii nuru aliweza kuibadili sheria yake kwa kuhamia Ikweta, ni dhahiri kwamba wanyama waliokuwapo hapa tangu kale hawana sheria nyingine ila mvua na majani.

Na waangalieni nyati wetu. Mapori ya Burigi, Ibanda na Rumanyika, ambayo mwaka 2019 yalipandishwa hadhi kutoka mapori ya akiba yakawa hifadhi za taifa, yana nyati. Na ng'ambo ya mto Kagera, katika nchi ya Rwanda, ipo hifadhi ya Akagera iliyoanzishwa mwaka 1934, nayo ina nyati kwa maelfu. Hakuna mtu awapangiaye nyati hawa siku za kupandana, wala hakuna zizi linalowatenga madume na majike. Hata hivyo uzazi wao una utaratibu ambao mwenye macho huuona. Mwanazuoni Sinclair, ambaye kitabu chake juu ya nyati wa Afrika kilitoka mwaka 1977 baada ya uchunguzi mrefu katika Serengeti, alionesha jinsi uzazi wa nyati ulivyofungamana na mvua, na jinsi ndama walivyozaliwa kwa wingi katika miezi ambayo nyasi ni mbichi.

Hesabu ya jambo hili ina hikima ya ajabu. Mimba ya nyati huchukua siku 340 hivi, yaani siku 25 tu pungufu ya mwaka. Jike aliyekula majani mabichi ya masika tangu Machi, mwili wake ukajaa na ovari zake zikaamka, akishika mimba mwishoni mwa Mei, atazaa katika juma la kwanza la Mei ya mwaka unaofuata, nyasi zingali laini na maziwa yakiwa tele. Aliyeshika mimba mwanzoni mwa Desemba, vuli inapoelekea ukingoni, atazaa katika juma la kwanza la Novemba, vuli nyingine ikiwa imekwisha kuifanya nchi kuwa kijani. Kwa namna hiyo mvua inayomnenepesha mama mwaka huu hutoa mimba, na mvua ya mwaka ujao humpokea mtoto. Lakini mama huyo, akiwa ananyonyesha na kiangazi kikimkabili, hana nafasi ya kuibeba mimba nyingine katika siku hizo 25 zilizobaki. Kwa hiyo aghalabu huupumzisha mwili wake na kuzaa baada ya mwaka na nusu au miwili, na ukame ukizidi hungoja zaidi ya hapo. Hakuna amwitaye tasa. Pori limemwacha apumzike, na mvua zikirudi naye huurudia uzazi wake.

Ng'ombe wetu wa Ankole, mwenye pembe ndefu zinazojulikana duniani kote, ameishi chini ya sheria hiyo hiyo kwa karne nyingi. Msafiri Mwingereza Speke alipofika kwa mfalme wa Karagwe, Mukama Rumanyika, mwezi wa Novemba 1861, aliikuta nchi ambayo heshima yake na mali yake vilikuwa ng'ombe, na katika hazina ya wafalme wa Karagwe zilikuwamo hata sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Katika miaka ya 1890 sotoka iliyoipitia Afrika Mashariki iliwafyeka ng'ombe na nyati pamoja, na ugonjwa huo haukutangazwa kuwa umetokomea duniani mpaka mwaka 2011. Waliosalia ndio waliotuletea mifugo tuionayo leo, wanyama wenye subira ya njaa na uhodari wa kutembea. Na sehemu ya uhodari huo ni huku kuzinyamazisha ovari wakati wa dhiki. Mnyama ambaye angeshika mimba katika kila hali angekufa yeye na ndama wake katika kiangazi cha kwanza kikali.

Kiangazi chetu kikubwa ni cha Juni, Julai na Agosti, na kipo kingine kifupi cha Januari na Februari. Katika Agosti nyasi za vilima vya Karagwe zimekauka na zimekuwa ngumu, protini yake imepungua, na ng'ombe aliyeshinda malishoni kutwa hurudi na tumbo lililojaa kitu kisichomfaa sana. Mchukueni ng'ombe wa namna hiyo, aliyezaa miezi mitatu iliyopita na ndama wake angali ananyonya, mkamtie katika kibanio. Daktari wa mifugo, amevaa glavu ndefu ifikayo begani, huupitisha mkono wake taratibu katika njia ya haja kubwa, na kwa ncha za vidole huzipapasa ovari kupitia ukuta wa utumbo. Atakachokipata ni ovari ndogo, ngumu, ambayo uso wake ni laini pande zote, haina kifuko kilichokua wala tezi iliyotokeza. Mpimeni ng'ombe yule yule katika Desemba, baada ya kula majani ya vuli: vidole vitakutana na kifuko kilichojaa maji, kipana zaidi ya sentimita moja, au na ile tezi ya manjano iliyochomoza juu ya ovari, ushahidi kwamba yai limekwisha kutoka. Ni ng'ombe mmoja, na ovari ni zile zile. Kilichobadilika ni majani.

Tena tusisahau kwamba athari ya njaa haimalizwi na mvua ya siku ya kwanza. Yai, tangu kifuko chake kianze kukua mpaka lipevuke, huchukua yapata miezi mitatu. Kwa hiyo yai litokalo Oktoba lilianza safari yake katika ukavu wa Julai, na huenda likawa dhaifu ijapokuwa nchi imekwisha kuwa kijani. Mfugaji aonaye ng'ombe wake wamependeza kwa mvua mpya lakini hawashiki mimba asidhani kwamba dume ana kasoro au kwamba pana hasadi ya jirani: anavuna katika vuli alichokipanda katika kiangazi.

Na majira yana mkono mwingine, nao ni maradhi. Kiangazi kinapoyakausha maji madogo, wanyama wote hukusanyika penye maji machache yaliyobaki, na hapo ng'ombe wa kijiji hukaribiana na nyati wa pori. Ugonjwa wa kutupa mimba hupita kwa urahisi palipochafuliwa na maji ya uzazi ya mnyama mgonjwa. Ndigana kali, ambayo asili yake ni kwa nyati, huletwa na kupe waongezekao mvua ziingiapo. Na mbung'o wa mapori hueneza nagana, ambayo hukondesha mnyama na kuuharibu uzazi wake. Mimba iliyopatikana kwa shida katika Desemba yaweza kupotea kwa sababu ya josho lililosahauliwa au damu isiyopimwa. Kwa hiyo, ndugu zangu, sheria inayokataza kuchunga ndani ya hifadhi, ambayo wengi huiona kuwa ni ya kuwalinda wanyamapori peke yao, inailinda na mimba ya ng'ombe wenu.

Sasa tuje katika tadbiri, kwani ilimu isiyomfikia mfugaji haijatimiza madhumuni yake. Ng'ombe hubeba mimba kwa siku 283 hivi. Ukizitoa katika siku 365 za mwaka zinasalia 82, nazo ndizo siku alizo nazo ng'ombe aliyezaa ili ashike mimba tena na kuzaa kila mwaka. Hesabu hiyo hiyo hutuonesha mwezi wa kupandisha. Ng'ombe apandwaye mwanzoni mwa Novemba atazaa katika juma la pili la Agosti, mwezi wa ufukara, na maziwa yake yatakuwa haba na ovari zake zitachelewa kuamka. Apandwaye mwanzoni mwa Desemba atazaa karibu na Septemba 10, mvua zikiwa mlangoni. Na apandwaye mwishoni mwa Mei atazaa mwanzoni mwa Machi, masika yakianza. Mwenye uwezo wa kumtenga dume wake katika Oktoba na Novemba atakuwa amefanya kwa makusudi kile ambacho nyati hukipata kwa tabia.

Lakini tarehe peke yake haifai bila ya chakula. Katika Mei, kabla nyasi hazijatoa mbegu na kukauka, zikateni, zianikeni, muzihifadhi ziwe hei. Pandeni majani ya tembo, lukina na kaliandra mipakani mwa mashamba ya migomba na kahawa. Msiyachome mabua ya mahindi na maganda ya maharage, na migomba mliyokwisha kuivuna muikatekate iwape ng'ombe maji na shibe, pamoja na majani ya mikunde yenye protini, maana mgomba peke yake hautoshi. Wapeni chumvi ya madini. Anayenyonyesha na amekonda apewe fungu lake mbali na wenziwe, na ndama aliyekwisha kuzoea majani apunguziwe saa za kunyonya, kwa kuwa kunyonya kwenyewe huizuia amri ya ubongo isizifikie ovari.

Nanyi mnaotumia uhimilishaji, kwa mbegu za madume bora kama zile zitokazo katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichoko Usa River, Arusha, mkumbuke kwamba mbegu njema haiwezi kuamsha ovari iliyolala. Kwanza ng'ombe ashibe, kisha aangaliwe. Joto la ng'ombe wa Ankole ni la saa chache, na mara nyingi huja usiku. Basi kabla ya mapambazuko, na tena magharibi, mtu asimame penye zizi atazame ni yupi asimamaye kwa utulivu apandwapo na wenzake, ni yupi aliye na ute mwangavu unaovutika, ni yupi asiyetulia. Aonekanaye asubuhi ahimilishwe jioni, na aonekanaye jioni ahimilishwe asubuhi yake. Tarehe iandikwe, na siku ya 21 baada yake aangaliwe tena.

Wasikilizaji wapenzi, nilisema mwanzoni kwamba nitaomba insafu, na ombi lenyewe ni hili. Katika Julai na Agosti, minada inapofurika ng'ombe waliokonda, wamo majike wengi ambao kosa lao ni moja tu, kwamba miezi imepita na hawajashika mimba. Huitwa tasa, huuzwa kwa bei ya chini, na huenda machinjioni. Na mwenye kumuuza, mvua zinaporudi, hutafuta mtamba wa kununua kwa bei ya juu, aanze tena kungoja miaka. Utasa wa kweli upo, na daktari huweza kuutambua. Walakini ukimya wa kiangazi si utasa. Kwa hiyo nawasihi, msimhukumu ng'ombe katika Agosti. Mpeni majani na madini kwa miezi miwili au mitatu, mpimisheni ugonjwa wa kutupa mimba, mwiteni daktari azipapase ovari zake. Na ikiwa baada ya hayo yote, na baada ya mvua za vuli, bado hakuna duru wala joto, hapo mtakuwa na haki ya kumuuza. Kabla ya hapo, aliyeshindwa ni ghala ya majani, na ghala hiyo hujazwa mwezi wa Mei.